Nimefanya kipimo cha methilesheni baada ya HPV kutoka pozitivu, haya ndo maoni yangu

Naanza na jibu kabisa kwa wenye haraka: kipimo kinafaa, na kama majibu yako ya HPV, vile virusi vinavyoleta kansa ya shingo ya kizazi, yametoka pozitivu halafu daktari anakwambia methilesheni, yani kipimo cha kuangalia kama virusi hivyo vimeshaanza kuharibu seli, inapatikana, kubali ufanyiwe. Ila kina mahali pake. Si kipimo cha kuanzia, na si kipimo cha kumalizia, na wale wanaokinadi utadhani kinafunga kabisa habari ya kansa ya shingo ya kizazi wanawapotosha watu. Mi nimekifanya, mdogo wangu naye kakifanya kwa sababu tofauti na yangu na majibu yake yakaenda upande mwingine, kwahiyo nilichoandika hapa nimekiona pande zote mbili.

Kwanza tuelewane hiki kipimo kinatatua shida gani, maana bila hivo utaona tu wanakuongezea vipimo. Karibu kansa zote za shingo ya kizazi zinaanzia kwa virusi vya HPV, zile aina za hatari, na HPV 16 na 18 peke yake zinabeba kama asilimia 70 ya kansa hizo. Kazi ya kuonyesha kwamba HPV ndo chanzo ndiyo iliyompa Harald zur Hausen, mwanasayansi wa Ujerumani, tuzo ya Nobel mwaka 2008. Sasa kipimo cha HPV ni kikali sana, kinanasa virusi hata kama vimeingia juzi tu, na tatizo linaanzia hapo hapo, kwa sababu HPV inampata karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono na kwa walio wengi mwili unaifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila dawa yoyote, bila hata mtu kujua kwamba alikuwa nayo. Kwahiyo unapopewa karatasi imeandikwa pozitivu, kitu pekee unachoambiwa ni kwamba virusi vipo. Vimelala? Vinapita? Au vimeshaanza kuharibu seli? Karatasi haisemi. Na wewe unarudi nyumbani na neno kansa kichwani, unahesabu watoto wako usiku, unawaza umeambukizwa na nani na lini, wakati jibu la kweli ni kwamba wengi wenu mlio na karatasi hiyo hamna shida yoyote na hamtakuja kuwa nayo.

Methilesheni inaingia kwenye hilo pengo. Inaacha kuuliza kama virusi vipo, inauliza vimeifanya nini seli yako.

Hapa naomba mnivumilie nieleze vizuri kidogo, maana hakuna aliyenieleza mimi mwanzoni na nadhani mtu akielewa hii sehemu hofu yake inapungua nusu. Kila seli yako ina DNA ile ile, ila si jeni zote zinafanya kazi muda wote, zipo zinazowashwa na zipo zinazozimwa, na huo mfumo wa kuwasha na kuzima bila kubadilisha maandishi ya DNA yenyewe ndo unaitwa epijenetiki, jina alilolitoa Conrad Waddington mwaka 1942. Njia mojawapo ya kuzima ni kubandika kikundi kidogo cha kemikali kinaitwa methili juu ya herufi C ya DNA, sehemu zile ambazo C inafuatana na G. Vikijaa vingi mwanzoni mwa jeni, pale panapoitwa promota, ni sawasawa na kufuli mlangoni: jeni ipo, haijaharibika, lakini hakuna anayeweza kuingia kuisoma. Mwili unazitumia kufuli hizi kwa kazi zake halali kila siku. Shida ni pale zinapowekwa kwenye milango isiyofaa, yani kwenye jeni za ulinzi, zile zinazoizuia seli isigawanyike hovyo.

Na HPV inafanya hivyo hasa. Virusi vya hatari vina protini mbili mbaya, E6 na E7. Wengi tumeshasikia kwamba E6 inaiangamiza p53 na E7 inaishika na kuizima RB, na hao wawili ndo walinzi wakubwa wa seli. Kinachozungumzwa kidogo ni hiki: E7 pia inajishikiza moja kwa moja kwenye kimeng'enya kinachoitwa DNMT1, ambacho ndo kinabandika hizo methili, na kukichochea kifanye kazi zaidi, wakati huo huo E6 kwa kuiondoa p53 inafanya DNMT1 itengenezwe kwa wingi kwa sababu p53 ndo iliyokuwa inaizuia. Kwahiyo virusi vinakaa, miaka inapita, na jeni za ulinzi zinafungwa moja baada ya nyingine. Mtu ambaye virusi vimepita tu kwake hana hayo mabadiliko au anayo machache mno. Mtu ambaye virusi vimeng'ang'ania muda mrefu na seli zimeshaanza njia ya kwenda kwenye kansa, methilesheni inapanda, na kadiri kidonda kinavyokuwa kikubwa na cha zamani ndivyo inavyozidi kupanda, mpaka ikifika kwenye kansa yenyewe iko juu kabisa.

Nilipoielewa hiyo ndo nikaona kwa nini madaktari wanaita hizi alama. Si dalili, huzioni wala huzisikii. Ni nyayo za virusi kwenye seli.

Sasa bidhaa zenyewe. Kuna zaidi ya moja sokoni na zinatofautiana jeni zinazoangalia. Tuliyofanyiwa sisi ni ile ya QIAsure, inatengenezwa na Qiagen kwa utafiti uliotoka Amsterdam, inaangalia jeni mbili, FAM19A4 na hsa-mir124-2. Ya Ujerumani inaitwa GynTect, ya kampuni ya oncgnostics ya mji wa Jena, yenyewe inaangalia sita: ASTN1, DLX1, ITGA4, RXFP3, SOX17 na ZNF671. Taiwan wametumia sana PAX1 na ZNF582. Na kuna S5 ya watafiti wa London ambayo mimi naiona ina akili sana kwa sababu haiangalii seli ya mtu tu, inachanganya jeni ya binadamu EPB41L3 na methilesheni iliyo kwenye DNA ya virusi vyenyewe, HPV 16, 18, 31 na 33. Maana virusi navyo vinabandikwa methili vikikaa mno ndani ya seli. Usije ukachukua majibu ya kipimo kimoja ukayalinganisha na ya mwingine aliyefanya kingine, kila kimoja kina mpaka wake wa kuhesabu pozitivu.

Kufanyiwa kwenyewe hakuna cha kutisha. Kama sampuli yako ya HPV ilichukuliwa na nesi kwa brashi na ikawekwa kwenye kile kimiminika cha kuhifadhi seli, mara nyingi huitwi tena, wanatumia sampuli ile ile iliyobaki. Mimi ilikuwa hivyo, sikupanda tena kitandani. Na hata ile sampuli unayojichukulia mwenyewe kwa brashi inakubali, na hili naomba wanawake walishike kwa sababu ni jambo kubwa: papsmia haiwezi kufanyika kwa sampuli ya kujichukulia mwenyewe, mtu wa maabara anahitaji seli nzuri kutoka pale pale kwenye shingo ya kizazi ili azitazame kwa darubini, kwahiyo mwanamke aliyejipima HPV mwenyewe akitoka pozitivu ilikuwa lazima aitwe tena, alale, awekewe spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, na wengi hawarudi. Wanaona aibu, wanaogopa, wana kazi, mume hataki, sababu haziishi. Methilesheni inafanyika kwa ile ile brashi aliyojichukulia kwanza. Hapo tu mimi ningeipa alama kubwa hata kama isingekuwa na kingine.

Maabara ndo inakula muda. DNA inatolewa kwenye seli, inapitishwa kwenye kemikali inaitwa bisalfaiti, ambayo inaibadilisha herufi C isiyo na methili kuwa U na ile yenye methili inaiacha kama ilivyo, halafu mashine ya PCR inasoma tofauti. Akili ya hali ya juu kweli, ila bisalfaiti ni kali, inaikatakata DNA, kwahiyo kama seli ulizotoa zilikuwa chache kipimo kinaweza kukosa kusomeka kabisa. Ndo maana ndani yake kuna jeni ya kukagulia, ACTB, kazi yake ni kuhakikisha kwamba sampuli ilikuwa na DNA ya kutosha na hatua zote zilienda sawa. Ikishindwa hiyo, majibu yako yanaandikwa kwamba hayakusomeka na unarudia sampuli. Hayo hayana maana ya pozitivu wala negativu! Kuna dada nilikaa naye kwenye benchi la kusubiria, karatasi yake ilikuwa hivyo na alikuwa analia akidhani wanamficha kitu.

Na hapo ndo nitoe lawama yangu kubwa, na siielekezi kwenye kipimo, naielekeza kwenye huduma. Karatasi niliyopewa mimi ilikuwa mistari miwili, majina ya jeni ambayo hakuna mtu wa kawaida anayajua, halafu neno negativu, basi. Aliyenikabidhi hakusema hata sentensi moja. Negativu ya nini? HPV imeondoka? Nimepona? Nisirudi tena? Ilibidi nikae niombe kuonana na daktari upya, na yeye ndo akanifungulia: HPV bado unayo mama, hiyo haijabadilika, hiki kinasema tu kwamba hatuoni zile alama za virusi kuanza kuharibu jeni zako, kwahiyo uwezekano wa wewe kuwa na kitu kikubwa sasa hivi ni mdogo, tutarudia HPV baada ya mwaka tuone kama imeondoka. Maneno ya dakika tano. Kipimo kilichotengenezwa kwa akili yote hiyo kinaharibiwa na karatasi isiyosomeka, na nina uhakika kuna wanawake wameisoma ile negativu kama ruhusa ya kutorudi tena hospitali.

Haya twende kwenye uwezo wake, maana watu wanataka kujua kinakamata kweli au la.

Kwenye kansa yenyewe kinakamata sana. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2020 walichukua sampuli za kansa ya shingo ya kizazi 519 kutoka nchi zaidi ya 25, wakazipima hizo jeni mbili FAM19A4 na mir124-2, na asilimia 98.3 zikatoka pozitivu. Kansa za aina tofauti, za mabara tofauti, za HPV tofauti. Hiyo ilinituliza moyo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hofu ya mtu yeyote mwenye negativu ni moja tu, je kama ipo na kimeikosa?

Ila kwenye vidonda vya kabla ya kansa picha inabadilika na hili lazima lisemwe wazi. Vidonda hivi vinapangwa CIN1, CIN2, CIN3, na ya tatu ndo inayoogopwa. Ukizikusanya tafiti nyingi pamoja, methilesheni inakamata CIN3 kama 7 kati ya 10, na CIN2 chini ya hapo. Kwa hiyo kuna CIN3 zinazopita bila kuonekana. Mtu akisikia hivyo anaweza kusema sasa kina faida gani, na mi nilisema hivyo hivyo kabla daktari hajaniuliza: CIN3 ni zote zinageuka kansa? Hapana. Kule New Zealand kuna wanawake ambao zamani waliachwa na CIN3 bila matibabu ya maana, jambo la aibu kubwa kitabibu, na walipofuatiliwa ilionekana kwamba ndani ya miaka 30 kama asilimia 31 walipata kansa. Asilimia 31 ni kubwa mno, hakuna mtu wa kuiachia hiyo bahati nasibu, lakini inaonyesha pia kwamba CIN3 si kitu kimoja, kuna za zamani zilizokomaa zinazokaribia kuvuka na kuna changa. Methilesheni inazikamata zaidi zile zilizokomaa. Zile changa zinazoipita, kwa kawaida zina muda, kwa sababu kutoka HPV kuingia mpaka kansa ni miaka 15 hadi 20 kwa mtu mwenye kinga nzuri, kwahiyo ukirudi kwa tarehe uliyopangiwa unakutwa kabla mambo hayajaharibika. Umeona sasa kwa nini nalia na ile karatasi? Usalama wote wa negativu umejengwa juu ya wewe kurudi. Usiporudi, hauna usalama wowote.

Na kuna ushahidi wa muda mrefu, si maneno tu. Uholanzi waliwafuatilia wanawake wenye HPV kwa miaka 14, na wale waliokuwa na methilesheni negativu mwanzoni hatari yao ya kupata kansa ilikuwa ndogo, inalingana na ya wale waliokuwa na papsmia safi. Miaka 14 ni muda wa kutosha kuniridhisha mimi.

Sasa ya mdogo wangu. Yeye hakuwa kwenye hatua yangu, alikuwa ameshafanyiwa kolposkopi, yani kutazamwa shingo ya kizazi kwa kifaa kinachokuza, wamekata kipande kidogo cha nyama cha kupima, majibu CIN2. Hajazaa na anataka kuzaa. Njia ya kawaida ni kuondoa hiyo sehemu kwa LEEP, yani waya wa umeme unaokata kipande cha shingo ya kizazi, na inafanya kazi vizuri sana, ila kukata shingo ya kizazi kunaongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huko mbele, hasa kipande kikiwa kikubwa. Wakati huo huo CIN2 nyingi kwa wanawake vijana zinarudi zenyewe. Kwahiyo unamkata mtu kitu ambacho pengine kingeondoka, au unamwacha na kitu ambacho pengine hakitaondoka? Kwa sababu ya huo mtego hospitali nyingi zinakata wote ili wawe salama, na siwalaumu.

Uholanzi waliufanyia utafiti uliochapishwa 2022, wakawachukua wanawake 114 wenye CIN2 au CIN3, badala ya kuwakata wakawafuatilia kwa ukaribu kwa miezi 24, na wakapima methilesheni mwanzoni. Waliokuwa negativu, vidonda vilirudi nyuma kwa asilimia 74.7. Waliokuwa pozitivu, asilimia 51.4. Angalieni hizo namba vizuri. Negativu inakupa sababu nzuri ya kusubiri huku unafuatiliwa, robo tatu wanapona wenyewe. Lakini na pozitivu nayo si hukumu, nusu walirudi nyuma vilevile! Mdogo wangu alitoka pozitivu. Daktari wake alimwekea hayo yote mezani, akamwambia kwa umri wako na ukubwa wa kidonda na hii pozitivu juu yake mimi ningekushauri tuondoe, lakini tutaondoa kidogo iwezekanavyo. Akaondolewa. Alihuzunika, sitadanganya, ila alisema kitu ambacho nimekishika, kwamba angalau ameondolewa kwa sababu inayomhusu yeye na seli zake, si kwa sababu kila mwenye CIN2 anaondolewa. Hiyo ndo kazi ya alama za epijenetiki ukiniuliza mimi, kutenganisha watu ambao chini ya darubini wanaonekana sawa.

Nikilinganisha na vipimo vingine vinavyofuata HPV pozitivu: papsmia, iliyoanzia kwa George Papanicolaou, bado iko imara na imeokoa wanawake wengi duniani, tatizo lake ni kwamba inategemea jicho la mtu, huyu anaona hiki na yule anaona kile, na watu waliosomea kuisoma hawatoshi. Mimi papsmia yangu ilitoka na zile seli zisizoeleweka, si nzuri si mbaya, na nikabaki hewani. Kipimo cha siki, yani kupaka asidi ya asetiki na kutazama kama panageuka peupe, kina faida ya majibu hapo hapo na matibabu siku hiyo hiyo, ila kinategemea sana anayetazama, na kwa wanawake waliokaribia au kupita ukomo wa hedhi hakifai sana maana sehemu inayotakiwa kuonekana inakuwa imeingia ndani. Kujua aina ya HPV, kama ni 16 au 18, hiyo naona iende pamoja na methilesheni si badala yake. Methilesheni haitegemei jicho, mashine inatoa namba. Lakini inahitaji maabara ya PCR na mtu aliyefundishwa, na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 limeweka papsmia, siki, kolposkopi na kujua aina ya HPV kama njia za kufuatilia HPV pozitivu, methilesheni haikuwemo. Kwahiyo usimwone daktari wako hajui kazi kama hajakutajia. Anafuata mwongozo, na mwongozo huo kama unafuatwa vizuri unaokoa maisha.

Nani asikifanye? Mtu ambaye hajapima HPV, asianze na hiki, hakikutengenezwa kwa ajili yake. Na muhimu kuliko yote: kama una damu inatoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi, au umeshakoma hedhi na damu imerudi, au uchafu wenye harufu usioisha, wewe huhitaji kipimo cha alama, unahitaji kuangaliwa kwa macho na spekulamu na kukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima haraka. Usimruhusu mtu yeyote akupe negativu ya methilesheni akurudishe nyumbani na damu inatoka. Hii nasisitiza kwa nguvu zangu zote.

Dada zangu mnaoishi na VVU, nyie hatari yenu ya hii kansa ni kama mara sita ya wengine, na kama kinga imeshuka bila matibabu safari ile ya miaka 15 hadi 20 inaweza kuwa 5 hadi 10. Uchunguzi wenu unashauriwa uanze miaka 25, urudiwe kila miaka 3 hadi 5, wakati kwa wengine unaanza 30 na kurudiwa kila miaka 5 hadi 10. Kwahiyo hata mkipata methilesheni negativu msikubali kupangiwa kurudi mbali kama wengine.

Kuna jambo lingine limenikera sana tangu nianze kufuatilia haya mambo. Kwa kuwa methilesheni ni kitu kinachoweza kurudishwa nyuma, si kama herufi ya DNA iliyovunjika, wameibuka wauza vidonge na majani wanaosema wanasafisha jeni, wanafungua jeni zilizozimwa, tumia miezi mitatu urudi upime. Ni kweli zipo dawa zinazozuia kimeng'enya cha DNMT, azasitidini ilipitishwa Marekani mwaka 2004 kwa magonjwa fulani ya uboho na damu, inatolewa hospitali, ina madhara makubwa, na si tiba ya vidonda vya shingo ya kizazi. Tiba ya vidonda ni kuviondoa au kuviharibu, kwa LEEP, kwa joto au kwa baridi kali. Mwanamke mwenye CIN3 anayekunywa majani miezi mitatu mitatu anapoteza ule muda ambao ndo silaha yake kubwa. Wanaouza hivyo vitu wanaua watu, wajue hivyo.

Mwaka 2022 wanawake karibu 660,000 walikutwa na hii kansa duniani na kama 350,000 walifariki, kwa ugonjwa ambao tunajua chanzo chake, una chanjo, na unaweza kuonekana miaka mingi kabla. Kwahiyo kipimo kinachosaidia kuchagua nani atibiwe leo na nani asubiri salama nakipokea kwa mikono miwili.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota nne ni za kipimo chenyewe: sampuli moja, inakubali ya kujichukulia mwenyewe, haikosei kirahisi kwenye kansa, inawaepusha wengi na kisu wasichokihitaji. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya CIN3 changa zinazopita na bisalfaiti inayokula sampuli. Huduma niliyopewa mimi ya majibu naipa mbili, na mbili zenyewe ni za yule daktari.

Ukienda kufanya, kabla hujatoka muulize anayekupa majibu maswali haya na asipojibu usiondoke: ni jeni gani mmeangalia, HPV yangu ni aina gani, kipimo kilisomeka vizuri au sampuli ilikuwa chache, na narudi tarehe gani kwa kipimo gani. Tarehe iandikwe kwenye karatasi. Yangu ilibidi niiandike mwenyewe kwa kalamu pembeni, na daktari akasaini.